Hesabu ya Mafuta ya Turkana Isiwe Siri ya Wachache

Kati ya mwaka 2018 na 2020, malori yaliyobeba mafuta ghafi kutoka Lokichar, Kaunti ya Turkana, yalipita hapa Cheptiret yakielekea Mombasa kwa njia ya Nakuru. Mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 iliondoka bandarini, na serikali ikatangaza kuwa imeuzwa kwa dola milioni 12. Wengi walishangilia. Hata hivyo, swali ambalo kila mwenye ghala hujiuliza kabla ya kufungua mlango halikuulizwa na wengi wetu: ghalani mna kiasi gani, na ni nani aliyepima?

Majibu yaliyotolewa hayajapata kutulia mahali pamoja. Mwaka 1992 kampuni ya Shell ilichimba kisima cha Loperot-1 katika bonde lilo hilo la Lokichar, ikaona dalili za mafuta, kisha ikaondoka. Miaka 20 baadaye, Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alilitangazia taifa kuwa kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia-1. Mwaka 2016 tuliambiwa kuwa mapipa yanayoweza kutolewa ni takriban milioni 750. Mwaka 2018 hesabu ikashuka hadi milioni 560. Mwaka 2021 ikawa milioni 585. Mwaka 2025 Tullow ikauza haki zake kwa kampuni ya Gulf Energy na kwenda zake. Katika muda huo wote mafuta yenyewe hayakuhama. Kilichobadilika ni kielelezo cha tarakilishi kinachotumiwa kuyakadiria, na juu ya kielelezo hicho ningependa kuzungumza na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu.

Hakuna jicho la binadamu lililowahi kuona mwamba uliozikwa kilomita mbili chini ya ardhi kwa upana wake wote. Wataalamu hutuma mitetemo ardhini na kusikiliza mwangwi wake unaporudi. Huchimba visima vichache, wakashusha vyombo vya kupimia na kutoa vipande vya mwamba ili vichunguzwe katika maabara. Baina ya kisima kimoja na kingine hubaki kilomita nzima za kukisia. Hapo ndipo tarakilishi inapoingia. Mwamba hugawanywa katika vyumba vidogo vidogo, pengine laki kadhaa, na kila chumba hupewa tarakimu zake: vitundu vyake ni vingi kiasi gani, maji na mafuta vimegawana vitundu hivyo vipi, na umajimaji hupenya kwa wepesi upi. Kisha programu hukokotoa jinsi mafuta yatakavyosafiri kutoka chumba hadi chumba, mwaka baada ya mwaka, mpaka yafike kisimani. Kanuni inayoongoza safari hiyo si ngeni. Iliandikwa na mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, mwaka 1856, alipokuwa akichunguza maji yanavyopita katika mchanga.

Natoa mfano wa kubuni ambao mwalimu yeyote anaweza kuuandika ubaoni. Chukua chumba kimoja chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 100 na kimo cha mita 10. Ujazo wake ni mita za ujazo 100,000. Ikiwa asilimia 20 ya mwamba huo ni vitundu, nafasi iliyopo ni mita za ujazo 20,000. Ikiwa mafuta yamejaza asilimia 60 ya nafasi hiyo, tuna mita za ujazo 12,000. Pipa moja ni lita 159, kwa hiyo tumepata takriban mapipa 75,000, tukiacha mambo mengine kando. Sasa badilisha tarakimu moja tu: sema vitundu ni asilimia 15. Mapipa yanashuka hadi 57,000 hivi. Robo nzima ya mali imetoweka bila mtu kuiba hata tone, kwa sababu mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi alichagua 15 badala ya 20.

Isitoshe, kuwa na mafuta ni jambo moja na kuyatoa ni jambo jingine. Katika makadirio ya mwaka 2021, mapipa yaliyomo ardhini Lokichar yalisemekana kuwa bilioni 2.85, na yale milioni 585 ya kutolewa ni kama sehemu moja tu kati ya tano. Jirani zetu wa Uganda nao wana mapipa bilioni 6.5 katika eneo la Ziwa Albert, na wanatarajia kutoa bilioni 1.4. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi na huganda yakipoa. Mwamba wa Bonde la Ufa umepasuka-pasuka, hata mafuta yaliyo upande mmoja wa mpasuko huenda yasifikiwe na kisima kilicho upande wa pili. Shinikizo likipungua hapana budi kusukuma maji ardhini, na ndiyo maana mipango ya uchimbaji ilitaka maji yavutwe kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel, katika nchi ya wafugaji ambao kwao maji ni uhai. Idadi ya visima na wingi wa maji hayo huamuliwa kwa kielelezo kilekile.

Basi asije mtu akadhani kuwa haya ni mambo ya wanasayansi peke yao. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inagawa fungu la serikali katika faida ya mafuta: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali, kwa masharti yaliyowekwa. Lakini faida hupatikana baada ya kampuni kurudishiwa gharama zake. Makisio yakiwa makubwa kupita kiasi, taifa litajenga bomba kubwa lisilojaa, na gharama zitakula fungu la Mturkana kabla halijamfikia. Makisio yakiwa madogo kupita kiasi, tutauza haki zetu kwa bei ya kutupa. Anayeshika kielelezo ndiye anayeshika mizani, na mwenye mali asiyejua kusoma mizani hupokea anachopewa.

Wapo watakaosema kuwa elimu hii ni ngumu na ghali, heri tuwaachie wageni. Nawakumbusha Olkaria. Huko Naivasha taifa hili limezalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, na katika miaka hiyo ya themanini kielelezo cha tarakilishi cha mwamba na visima vya Olkaria kiliundwa kwa ushirikiano na watafiti wa Berkeley, Marekani. Wakenya wengi wakaenda Iceland kusomea taaluma hiyo, wakarejea kufanya kazi. Mvuke na mafuta si kitu kimoja, lakini kanuni ya Darcy haibagui. Tuliloliweza Olkaria halitushindi Lokichar.

Wengine watasema kuwa habari za visima ni siri ya biashara. Ni kweli kuwa mwekezaji ana haki ya kulinda jasho lake. Lakini mwaka 2018 kampuni ya Equinor ya Norwe ilitoa hadharani data za eneo zima la Volve katika Bahari ya Kaskazini, lililozalisha mafuta kuanzia 2008 hadi 2016, ili wanafunzi wa dunia nzima wajifunzie. Zipo pia programu za kazi hii zisizolipiwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, pale Kesses, kilomita chache kutoka hapa nilipo, anaweza leo kuchunguza visima vya Norwe kwa urahisi kuliko vile vya Turkana. Ni jambo la kusikitisha.

Rai yangu ni tatu. Kwanza, serikali isiridhike na ripoti zilizopambwa kwa picha. Idai kielelezo chenyewe pamoja na data zake, na iwe na wataalamu wake wa kukiendesha na kubadilisha tarakimu ili waone matokeo yanavyogeuka. Pili, data za visima vya zamani, kuanzia Loperot-1, zifunguliwe kwa vyuo vikuu vyetu. Tatu, na hili latuhusu sisi walimu, tusingoje wizara. Chupa iliyokatwa kitako, mchanga, changarawe, maji na saa vyatosha kumwonyesha mtoto jinsi umajimaji unavyopenya ardhini. Asilimia na ujazo tunavyofundisha kila muhula vitapata maana mpya vikiambatanishwa na mwamba wa Lokichar badala ya mapipa ya kubuni yasiyo na mwenyewe.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Mkisikia tena kwenye redio kuwa Turkana kuna mapipa milioni kadhaa, msipige makofi upesi, wala msikebehi. Ulizeni: ni yaliyomo au yatakayotoka? Yamepimwa kwa visima vingapi? Aliyepima analipwa na nani? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mafuta yetu siku hizi limo ndani ya tarakilishi, na ni wajibu wa kizazi chenu kujua kulisoma kabla ghala halijafunguliwa.