Jicho la Fundi na Nyuzi Sitini za Goti

Hoja hizi mmezisikia, wasomaji. Hurudi kila mtu anapopendekeza kwamba karakana za viungo bandia za Nairobi zipime mwendo wa nyonga, goti na kifundo cha mguu, zisiishie kuutazama tu. Nimezisikiliza hadi mwisho na nitazieleza jinsi wapinzani wenyewe wanavyozieleza. Hukumu ni yenu.

Ya kwanza ndiyo yenye heshima zaidi: fundi aliyezeeka kazini hahitaji kamera. Humtazama mgonjwa akitembea kati ya vyuma viwili, akajua skrubu ipi ikazwe na ipi ilegezwe. Uzoefu huo upo, wala siubezi. Lakini angalieni ni kitu gani jicho linadaiwa kukiona. Kwa mwendo wa kawaida, tangu kisigino kiguse chini hadi kiguse tena hupita takriban sekunde moja, na mguu huwa hewani kwa asilimia 40 hivi ya muda huo. Katika kipande hicho goti hujikunja hadi karibu nyuzi 60, kisha hunyooka. Ni nani anayeweza kuapa mbele yenu kwamba aliona 60 na si 48? Mwaka 1985 Krebs na wenzake walichapisha utafiti wa wataalamu waliotazama video za watoto wenye vyuma vya miguuni. Makubaliano yao yalikuwa ya wastani tu, na hao walikuwa na video. Fundi wetu ana kumbukumbu, na mgonjwa akirudi baada ya miezi sita, kumbukumbu hiyo ndiyo faili.

Hoja ya pili: mwenye mguu ndiye ajuaye, aulizwe. Juu ya maumivu nakubali bila masharti, kwani hakuna mashine itakayojua soketi, kikombe kinachoshika kigutu, inachoma wapi. Juu ya mwendo, hapana. Mwili ni hodari wa kufidia: goti la bandia lisipokunjika vya kutosha, mtu huinua nyonga au hupanda juu ya vidole vya mguu mzima ili ule mwingine upite. Baada ya muda humwambia fundi kwamba yuko sawa, na hasemi uongo, amezoea. Anayelipia mazoea hayo ni mguu wa pili. Waliokatwa mguu mmoja huugua baridi yabisi ya goti la mguu uliobaki zaidi kuliko watu wenye miguu miwili, na goti hilo hakuna aliyekuwa akiliuliza.

Ya tatu hupigiwa makofi ukumbini: nyuzi hizo zilipimwa Ulaya na Marekani, na watu wetu hutembea kivyao. Tuseme ni kweli. Basi kinachofuata ni kuwapima watu wetu. Wao wanahitimisha kinyume, kwamba kwa kuwa sisi ni tofauti, tusijipime! Tofauti ambayo haijapimwa wameijuaje? Na kuna waliowahi kupima. Mwaka 1986 Maloiy, mwanafiziolojia wa Kenya, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikuyu wanaobeba mizigo, hao kichwani na hawa kwa ukanda wa kipajini. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu asiyebeba kitu. Mwaka 1995 baadhi ya wenzake hao walieleza sababu: chini ya mzigo, mwili wao hubembea kama pendulamu kwa ufanisi zaidi. Kisha mwaka 2010 Lloyd na wenzake wakawapima wanawake wa Kixhosa kule Afrika Kusini, na nafuu hiyo hawakuiona. Kwa hiyo hata huo mwendo "wetu" hauko mmoja, na tumelijua hilo kwa sababu watu walipima.

Gharama nitaipitia haraka, maana hapa hoja hubadilisha nguo katikati ya sentensi. Inaanza kwa kusema maabara ya kamera za mwanga usioonekana ni ghali, jambo ambalo hakuna aliyelipinga, na inamalizia kwamba kupima ni ghali. Simu nyingi zilizo mifukoni mwa mafundi hawa hawa hurekodi picha za mwendo wa polepole, na programu ya Kinovea, inayochora pembe juu ya video, ni ya bure. Sharti ni simu ikae ubavuni mwa mtembeaji, wima na mbali kiasi. Ikielekezwa mshazari, pembe itadanganya. Kosa la nyuzi chache litabaki. Hata maabara kubwa haziepuki kosa la nyuzi mbili hadi tano.

Imebaki ile wanayoiona kuwa ya kufunga mjadala: nyayo nyingi tunazotoa hazina kiungo cha kifundo, sasa mtapima nini? Wayo wa SACH, uliobuniwa Berkeley, California, katika miaka ya 1950, kweli hauna kiungo hicho. Kisigino laini hubonyea badala yake. Sakafuni pa karakana hilo linatosha. Sasa mchukueni mtu anayetoka Kangemi kwenda kazini Kitisuru, mtaa wa matuta na mabonde. Akishuka, kifundo cha asili kingeuteremsha wayo ulale juu ya ardhi. Wayo usio na kifundo haulali upesi hivyo, unausukuma muundi mbele, na goti linakunjwa kwa nguvu asiyoitaka. Aliyekatwa chini ya goti hulizuia kwa misuli ya paja. Aliyekatwa juu ya goti hana misuli inayovuka goti la bandia ili kulizuia, nalo linaweza kumwangusha. Akipanda mambo hugeuka, goti likasukumwa nyuma. Kwa hiyo cha kupima kipo, tena kimeongezeka: kazi ambayo kifundo hakifanyi imehamia kwenye goti na kwenye soketi. Nao wanaosema hakuna cha kupima wangali wanapima mguu huo kwa hatua chache juu ya sakafu iliyonyooka, kisha wanatia sahihi.