‘La’ ni ‘Hapana’, Lakini si Kila Mahali

Jioni moja, baada ya swala ya Magharibi, bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akimsikiliza mjukuu wake wa miaka 9 akidurusu Suratut-Takaathur. Mtoto alipofika aya ya 6, aliivuta kwa pumzi ndefu ile “la” iliyo mwanzoni mwake. Bibi akamkatiza: “Mjukuu wangu, hiyo mbona waivuta? Sisi tulifundishwa fupi.” Mtoto akajibu kwa furaha: “Bibi, la ni hapana. Aya inasema moto hatutauona.”

Bibi hakucheka. Kesho yake alikuja msikitini na kijitabu cha mtoto mkononi, akatuuliza ni nani aliyekiandika. Tulikuwa tumekiandika sisi.

Nia yetu ilikuwa njema. Tulikusanya sura fupi kwa herufi za Kilatini ili ziwasaidie watoto ambao bado hawajamudu herufi za Kiarabu. Katika Suratul-Kaafiruun, ambamo “laa” ya kukanusha imekuja mara 4, tuliandika “la”. Katika Suratut-Takaathur, ambamo herufi lamu yenye fataha imekuja mara 3 kutilia mkazo, tuliandika “la” vilevile, tena tukaitenga na neno lake. Kisha chini ya ukurasa mmoja tukaweka maelezo kwamba “la” maana yake ni hapana. Mtoto alifuata alichofundishwa. Aya inayoonya kwamba hakika watu watauona moto, yeye aliipokea kuwa ni ahadi kwamba hawatauona. Kosa halikuwa lake.

Ndiyo maana juma hili tumeona tuizungumze silabi hii ndogo, kwani kosa letu lilitokana na dhana ambayo wengi wetu tunayo: kwamba sauti moja hubeba maana moja popote iendapo.

Tuanze na Kiswahili chetu wenyewe. Mtu akisema, “Mla embe la jirani pasipo idhini huambiwa la,” ametamka “la” tatu, na hakuna hata mbili zilizo sawa. Ya kwanza ni mzizi wa kitendo cha kula. Ya pili ni kiunganishi kinachofuata ngeli ya embe, kama tusemavyo jina la mtoto au jicho la maji. Ya tatu ni ya kukataa, nayo tumeipokea kutoka Kiarabu, pamoja na nduguye “la hasha”. Mtoto wa miaka 4 huzisikia zote asitatizike, kwa sababu kila moja ameizoea pamoja na majirani zake katika sentensi.

Tukivuka mipaka, tunaikuta “la” katika kazi nyingine kabisa. Kijana wetu anayesoma Kifaransa huiona kila mstari, nayo humo haikatai wala haili chochote. Hutangulia nomino za kike zinazojulikana, kama ifanyavyo pia katika Kihispania na Kitaliano. Lugha hizo tatu ni ndugu, na zote zimeirithi kutoka Kilatini. Katika Kichina cha Mandarini, “la” ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni kuvuta, na ikitamkwa kwa sauti inayoshuka ni ukali wa pilipili. Katika lugha ya wenyeji wa Hawaii, “la” ya kuvuta ni jua, na pia ni siku. Na huko Ireland, upande mwingine wa dunia, “la” ya kuvuta nayo ni siku. Watu wa visiwa hivyo viwili hawakurithiana lugha, wala hawakuazimana neno hilo. Imesadifu tu.

Sadfa ya namna hiyo tunayo hata sisi. Mwarabu akitaka kusema kwamba mtu fulani alikula, husema “akala”. Mswahili akisimulia kwamba mtu alifika, akaketi, kisha akapata chakula, naye husema “akala”. Sauti ni ileile na maana ni ileile. Yumkini msomaji atasema: basi hilo nalo tumelichukua kutoka Kiarabu. La, hatukulichukua. Neno la Kiarabu limejengwa kwa herufi tatu za asili, hamza, kafu na lamu. Letu limejengwa kwa viungo vitatu: “a” ya yeye, “ka” ya tendo linalofuatia jingine, na “la” ya kula. Mzizi huo ni wa Kibantu. Waganda husema okulya, Wazulu husema ukudla, na ni jamaa zetu wa damu katika lugha. Basi anayepima asili ya maneno kwa sikio peke yake atawapa udugu wasiohusiana, na ndugu wa kweli atawapita bila kuwatambua.

Ama kwa Kiarabu, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa “la” mbili zinazokabiliana zimo ndani ya lugha moja. Ile ndefu, lamu yenye alifu, hukanusha. Ndiyo inayofungua shahada yetu. Ile fupi, lamu yenye fataha iliyoshikamana na neno lake, hutilia mkazo, na katika aya tuliyoitaja wanazuoni wa nahau huieleza kuwa ni jibu la kiapo. Mifano mingine imo katika Suratul-Aadiyaat, aya 3 mfululizo, ya 6, ya 7 na ya 8. Msomaji akiivuta ile fupi huielekeza maana kwenye ukanushaji, na akiikata ile ndefu huiondoa hapana mahali ilipotakiwa. Katika hati ya Kiarabu jicho huona tofauti hiyo mara moja, kwani alifu ama ipo ama haipo. Katika kijitabu chetu jicho halikuwa na cha kuona.

Bibi yule hajui nahau, na herufi za Kilatini huzisoma kwa taabu. Alichokuwa nacho ni sikio lililofunzwa na mwalimu aliyekaa naye uso kwa uso, akamrudisha kila alipokosea. Sisi tuliohitimu chuo tuliandika haraka, na hatukumpa mwalimu wa madrasa kijitabu akipitie kabla ya kukirudufu.

Baada ya swala ya Ijumaa iliyofuata tulisimama tukaomba radhi mbele ya wazazi. Toleo jipya litakuwa na maandishi ya Kiarabu kwanza. Penye Kilatini, ndefu itaandikwa “laa”, na fupi itaungana na neno lake, kama “latarawunna”. Mwalimu ameshalipitia.

Wazazi wenzetu, tunawaomba mawili. Kwanza, mtoto asihifadhi kwa kijitabu peke yake. Asikilizwe na mwalimu, na nyumbani asikilizwe na mzee aliyesoma chuoni, hata kama mzee huyo hana cheti. Pili, mtoto akieleza maana ya alichosoma, msimpite kwa haraka. Mwulizeni ameijuaje. Lau bibi yule angeridhika na sauti nzuri ya mjukuu wake, mtoto angekua na maana iliyopinduka kifuani mwake, na wenzake pia.

Tuligawa nakala 60. Hadi tunaandika makala haya, zimerudi 46. Ambaye bado ana kijitabu chenye jalada la kijani nyumbani kwake, tafadhali akirejeshe ofisi ya msikiti baada ya swala yoyote, apewe kipya bila malipo.

Wabillaahi tawfiiq.