Mfanyabiashara, usiipite Mbale

Anayevuka Malaba akifika Tororo hunyoosha moja kwa moja: Iganga, Jinja, daraja la Nile, Kampala. Mbale, iliyo upande wa kulia chini ya Mlima Elgon, huwaachia madalali. Hilo ni kosa la fedha.

Vitunguu na kabichi za miteremkoni hushukia Mbale kwanza. Anayengoja mzigo huo Jinja analipia lori na dalali juu yake. Lugha si kikwazo: Wagisu wa Mbale na Wabukusu wa Bungoma ni ndugu, husikilizana sokoni. Na mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa zao la Jumuiya, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, ushuru wa forodha ukasamehewa. Bado wapo wanaopita njia za panya na kupoteza gunia zima kwa karatasi moja!

Maporomoko ya Wanale huonekana tangu mjini, kuyatazama hakulipiwi.

Ila mvua isidharauliwe. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Msimu huo mgeni awaulize madereva kwanza, na ghala alikodi palipoinuka.