Miaka 50 isherehekewe kwa kasia, ila maboya kwanza

Jamaa yangu mmoja wa Kalinzi anatimiza miaka 50 na ameshatangaza: hakuna ukumbi, hakuna keki. Yeye na marafiki zake wataacha mibuni yao, wateremke hadi Kibirizi, wapige kasia kuelekea Gombe. Wengine wanamcheka. Mimi namuunga mkono asilimia mia.

Wenzetu Ulaya hutumia kayaki, ule mtumbwi mwembamba ambao kasia lake lina bapa huku na huku, na mbio zake zipo Olimpiki tangu 1936. Sisi tuna Ziwa Tanganyika na wavuvi wenye mabega ya chuma, halafu kupiga kasia tunakuita kazi ya maskini!

Ila kwenye maboya tumegombana. Eti watakuwa karibu na ufukwe, ya nini? Ndugu yangu, ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na chini ya milima ile maji hushuka ghafla. Nusu ya msafara wako hawajui kuogelea. Na upepo wa kusini wa kiangazi haujali bethidei ya mtu. Pesa ya keki ikodi maboya, kila mmoja na lake, na mvuvi mzoefu atangulie. La sivyo, jina langu lifute.