Uvumi Uliotangulia Mahakama: Barua kutoka Uingereza



Kesi ya jinai nchini Uingereza huanza kwa ukimya. Mtu akikamatwa, polisi kwa kawaida hutaja umri wake na anakoishi, basi. Sheria ya mwaka 1981 ya kudharau mahakama inakataza kuchapisha jambo litakaloharibu kesi, kwa kuwa katika kesi nzito hatima ya mshtakiwa huamuliwa na raia 12 wanaotakiwa kusikiliza ushahidi wa mahakamani tu. Mshtakiwa akiwa na umri chini ya miaka 18, mara nyingi hata jina hufichwa. Mitandao ya kijamii haingoji.

Tarehe 29 Julai 2024, katika mji wa pwani wa Southport, wasichana watatu wenye umri wa miaka 6, 7 na 9 waliuawa kwa kisu wakiwa kwenye darasa la dansi. Watoto wengine wanane na watu wazima wawili walijeruhiwa. Siku hiyohiyo polisi walitangaza kumkamata kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff. Muda si muda mtandao wa X ukawa umeshampa jina la Kiislamu, na kumfanya mwomba hifadhi aliyeingia nchini kwa boti. Jina lilikuwa la kubuni. Polisi walikanusha, lakini uongo ulikuwa umeshafika mbali, na kesho yake jioni umati ulishambulia msikiti wa Southport. Zaidi ya askari 50 walijeruhiwa, wakati familia zilizofiwa hazijazika.

Tarehe 1 Agosti, Jaji Andrew Menary wa Liverpool aliruhusu jina halisi litangazwe, akieleza kwamba kuendelea kulificha kungewaachia wengine nafasi ya kueneza uongo. Kijana alikuwa mzaliwa wa Uingereza, wazazi wake wakitokea Rwanda. Ghasia hazikukoma: tarehe 4 Agosti hoteli ya waomba hifadhi karibu na Rotherham ilitiwa moto watu wakiwa ndani. Jina lilibadilika, adui akabaki yuleyule, yaani mgeni. Ukweli unaochelewa huwakuta watu wameshachagua wa kumchukia.

Adhabu kwa walioshiriki ghasia na waliozichochea zilifuata haraka. Mwanamume mmoja wa Leeds alifungwa miezi 20 kwa machapisho ya Facebook tu. Muuaji mwenyewe alihukumiwa Januari 2025 kifungo cha maisha, naye atatumikia angalau miaka 52.

Afrika Mashariki inaijua hatari hii kwa sura nyingine. Mtu aliyeitiwa mwizi sokoni anaweza kuuawa na wananchi wenye hasira kali kabla polisi hawajafika. Simu imeongeza wanaoweza kupiga kelele hiyo, na baadhi yao wako Birmingham au Toronto, wakituma picha ya mtuhumiwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo bila kujua aliyemo pichani ni nani. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayoadhibu taarifa za uongo, ila adhabu humfikia msemaji baada ya aliyesemwa kuumia.

Agosti 2025 polisi wa Uingereza walipewa mwongozo wa kufikiria kutangaza uraia na asili ya washtakiwa katika kesi nyeti zinazofuatiliwa sana na umma. Ni hatua nzuri, lakini inamhusu mtu aliyekwisha kushtakiwa. Uvumi wa Southport ulienea saa chache baada ya kijana kukamatwa, kabla hati ya mashtaka haijaandikwa.