Wasee, mfumo wa pesa upewe Tomcat yake

Wasee wa mifumo, leo tuambiane ukweli. Hii tabia ya kujaza programu nne au tano ndani ya Tomcat moja, tena kwa seva ya kazi, tuiache.

Najua kwa nini tunafanya hivyo. Ni rahisi. Unatupa faili ya WAR ndani ya webapps, inajifungua yenyewe, unaenda kunywa chai. Lakini zote zinaishi kwa JVM moja na kula kumbukumbu moja. Ni kama ploti yenye mita moja ya stima: jirani akichomeka hita mbovu, giza linaingia nyumba zote.

Chukua mfano wa sacco. Mfumo wa mikopo, wa likizo za wafanyakazi na wa ripoti vyote viko pamoja. Ni tarehe 30, mtu wa uhasibu anaitisha ripoti ya mwaka mzima. Ripoti inameza kumbukumbu yote, logi inajaa OutOfMemoryError. Mama mboga anayengoja mkopo anaambiwa sistimu imelala. Yeye hajui Java ni nini. Anachojua ni kwamba mtoto ametumwa nyumbani kuleta karo.

Kinachouma ni kwamba dawa iko ndani ya Tomcat yenyewe, na ni ya bure. CATALINA_HOME ni Tomcat kama ilivyokuja: bin na lib. CATALINA_BASE ni vitu vyako: conf, logs, temp, webapps na work. HOME moja inaweza kubeba BASE tatu. Kila BASE ina server.xml yake, kwa hivyo badilisha poti zisigongane, ile 8080 ya wateja na 8005 ya kuzimia. Kwenye bin ya kila BASE weka setenv.sh, na ndani yake andika -Xmx kwa CATALINA_OPTS. Hapo ripoti ikizidisha, itaanguka peke yake. Halafu kila moja ipe mtumiaji wake wa Linux, na asiwe root.

Usalama nao? Februari 2020 kulitangazwa shimo la Ghostcat kwenye AJP, poti 8009, ambayo Tomcat za wakati huo zilikuja nayo ikiwa wazi. Aliyeifikia poti hiyo aliweza kusoma mafaili ya programu zilizo ndani. Kama zako zote zilikuwa nyumba moja, zote zilianikwa. Dawa ilikuja na toleo la 9.0.31. Ukiwa umetenganisha, hata kupanda toleo hakutishi: weka HOME mpya kando, hamisha BASE moja, ipime, ndio uende kwa inayofuata.

Kuna atakayesema RAM ni pesa. Kweli, kila JVM inakula yake. Basi vile vimfumo vidogo vya ofisini viache vikae pamoja, havitaua mtu. Lakini mfumo unaoshika pesa za watu usiulaze kitanda kimoja na ripoti.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kesho ukifika kazini, fungua webapps uhesabu. Kama mikopo iko hapo na wenzake wanne, anza kuihamisha kabla ya mwisho wa mwezi.