Ukumbi wa Wazazi: Machipuko na Watoto



Baridi imetupa mkono wa buriani hapa Bellevue. Oktoba mijakaranda, miti mihamiaji kama sisi, asili yake Amerika ya Kusini, itatandaza maua ya zambarau njiani. Kwetu pwani huo ni msimu wa vuli, nao watoto wetu waliozaliwa huku hawaujui.

Basi tuwatoe baada ya Alasiri, maana siku zarefuka na Magharibi yachelewa. Wakiokota maua, tuwahesabie kwa Kiswahili: ua moja, maua mawili, hadi kumi. Lugha ambayo mtoto hakuichezea, hataisema ukubwani.

Ila ngurumo ikisikika, turudi ndani upesi. Mti haukingi radi.

Wassalaam.